Kamanda Mpya wa Zimamoto

Enzi za ujana wake, Hamduni Shekue aliigiza kamanda wa zimamoto katika filamu iliyouchekesha mji mzima. Sasa filamu ile ilikuwa imetengenezwa upya, na kikosi chote kilikuwa cha wanawake. Wiki mbili nzima watu walimsimamisha njiani kumpa pole, kana kwamba amefiwa.

"Wamekuharibia kazi yako, mzee wangu," kinyozi wake alimwambia.

"Wewe umeiona?"

"Niione ya nini?"

Jumamosi mchana Hamduni alikata tiketi, akaingia na kofia ameishusha usoni. Ukumbini walikuwamo watu tisa tu. Alisubiri pale kamanda anapopanda ngazi kumwokoa paka juu ya paa. Yeye, enzi zake, alikuwa amepanda kwa madaha. Mwanamke huyu alifika juu, akatazama chini, magoti yakagongana, akamsihi paka amshike mkono.

Kicheko kilimtoka Hamduni bila kutaka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka.

"Si wewe yule kamanda wa zamani?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Na unacheka?"

"Nacheka," alisema akifuta machozi, kifua kimekuwa chepesi kama aliyetua gunia. "Siku ile na mimi niliogopa hivyohivyo. Wakaniambia nifiche."

Yule mama akahama, akaja kukaa kando yake. Kwenye skrini paka alikuwa amenyoosha mguu mmoja, na kamanda alikuwa bado anafikiria.