Plastiki na Jua la Shinyanga

Mzee Pranlal aliibwaga ndoo iliyopasuka mbele ya mgeni, juu ya kaunta ya duka lake pale Shinyanga mjini.

"Ndoo hii ilikaa nje kiangazi kimoja tu, Dakta. Plastiki nimeiuza maisha yangu yote. Plastiki na jua haviwezi kukaa nyumba moja. Mwambie binti yangu, mimi hanisikii."

Dakta Pantaleo, aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, alicheka kwa adabu. Lakini alikuwa amekuja kwa jambo hilo hilo. Mwaka ule wa 1997, mwanafunzi wake Heena ndiye pekee idarani aliyeng'ang'ania kwamba umeme wa jua unaweza kutoka kwenye plastiki. Wenzake walimcheka: plastiki yake itaoza juani kabla haijawasha hata taa. Leo ingepimwa. Ikionekana imekufa, utafiti unafungwa, na Heena anarudi kwenye kaunta ya baba yake.

"Haijafa," alisema Heena, aliyesimama nyuma ya Dakta. "Na kaunta hii sirudi ng'o."

Plastiki yenyewe ilikuwa utando mwekundu, mwembamba, uliobanwa kati ya vioo. Heena ndiye aliyeubuni, kuanzia mnyororo wa molekuli hadi mikia aliyoupachika ili jua lisiukate. Alitengeneza vipande viwili, pacha. Kimoja alikiweka juu ya bati mwanzoni mwa kiangazi. Cha pili alikifungia gizani, kwenye sanduku stoo, kiwe shahidi: kama jua linaua, pacha wa juu ya bati angeonekana amedhoofika kando ya mwenzake.

Kisha akarudi Dar masomoni, akamwachia vyote mzee Jilala, mlinzi wa duka, ambaye kabla ya ukame alikuwa mkulima wa pamba huko Kishapu. Jilala alivipenda vioo vile kama mifugo yake. Alivipangusa vumbi kila asubuhi, na ole wake kunguru aliyetua juu ya bati lile.

"Shikamoo, Mzee Jilala. Naomba utuletee vyote viwili."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu." Akavileta uani amevipakata kama watoto.

Vikapangwa juani pamoja. Pantaleo aliunganisha nyaya za mita kwa mkono wake mwenyewe. Akapima cha kwanza, akapima cha pili. Akarudia. Akavua miwani.

"Vinalingana," alisema. "Kabisa. Ila vyote vimeshuka kidogo tangu vilipotoka Dar."

"Hiyo mita yako imezeeka, Dakta," Heena alimjibu pale pale. "Kama ni jua, mbona na cha gizani kimeshuka?"

Pantaleo akaandika vipimo vyote viwili daftarini. Akampa mkono. "Basi nitawaambia wa idarani kwamba jua halijaigusa. Asiyeamini aje kwangu."

Kejeli zote alizomeza Heena, zile za idarani na za hapa nyumbani, zilikuwa zimelipwa kwa siku moja. Alimgeukia baba yake, kidevu juu.

"Baba, ndoo zako sikuzibuni mimi!"

Mzee Pranlal alirudi dukani kwenda kuiondoa ndoo yake kwenye kaunta.

Heena akamshika Jilala mikono yote miwili. "Mzee wangu, nusu ya ushindi huu ni wako. Umevitunza."

Jilala alicheka hadi ufizi ukaonekana.

"Vingekosaje kulingana, ng'wanawane? Hata maksai, hulimi na jozi moja msimu mzima huku nyingine imelala zizini. Kila asubuhi nilikuwa navipa zamu: kilichochoka kinaingia sandukuni, kilichopumzika kinapanda batini."