Kumkimbia Mkwe

Bunduki ilikuwa mgongoni mwake, na mkojo ukakataa kutoka.

"Muzee," askari akauliza, "uko unakojoa ao uko unasali?"

"Yote mbili, mwana yangu," akajibu Mzee Kahongya, suruali mkononi, uso kichakani.

Hapo ni Kalunguta, katika barabara ya Butembo kwenda Beni, mwaka ambao kila kilima kilikuwa na waasi wake na kila kundi lilikuwa na kizuizi chake. Mtu wa kuomba kuingia kichakani mara kwa mara alidhaniwa mjumbe wa wanamgambo wa Mai-Mai, na Kahongya alikuwa ameomba kwenye kila kizuizi. Mwishowe matone machache yakaanguka. Askari akacheka mpaka akashusha bunduki.

"Papa, kende, enda zako! Mujumbe wa namna hii atafikaka lini?"

Kahongya naye akacheka. Mfanyabiashara mzima wa Mususa, mjini Butembo, bingwa wa kupitisha magunia ya kahawa mbele ya majeshi matatu, leo anashindwa kupitisha mkojo!

Lakini moyoni aliogopa. Kaka yake alianza hivi hivi, akaona haya kusema, na kansa ya tezi dume ikamzika. Anne-Marie, mke wa Kahongya, alikuwa amemkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa nini asiende kwa Siméon, daktari hodari, pale pale Butembo? Kasoro ya Siméon ilikuwa moja tu: alimwoa binti yao mkubwa.

"Nilikula mbuzi zake za mahari, Anne-Marie," Kahongya alisema. "Leo nimuvulie suruali? Heri nikufe."

Mkwe hata kumtazama baba mkwe machoni ni shida, sembuse upande wa pili. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Kahongya alikuwa amekwisha zaa, tena sana. Sasa alitaka kuficha. Ndiyo maana akavuka vita nzima kwenda Beni, ambako hakuna aliyemjua isipokuwa Mariette, bintiye wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Naye hakuambiwa. Hospitalini Kahongya akajiita Zorobabel wa Butembo.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyeletwa na serikali kutoka Kasai.

"Prostate ni tezi ya banaume bote, Papa. Iko chini ya kibofu, inazunguka njia ya mukojo. Mutu akizeeka, inakuwa mukubwa, inakaba njia. Mara mingi ni uzee tu. Mais kansa nayo inaanzaka kimya. Donc lazima niguse."

Akavaa glavu. Kahongya akaona kidole chake cha kuonyeshea kimepinda mwishoni, kama mtu anayechungulia kona, akajiambia kwamba Mungu kweli humpa kila fundi chombo chake. Akageukia ukuta, akaanza Salamu Maria. Kabla hajafika kwenye amina, kazi ilikwisha.

"Ni laini, Papa. Haina mafundo. Sioni alama ya kansa. Nitakupa dawa. Usizuie mukojo, na magaribi uache chai na pombe ya kasiksi. Kila mwaka urudi niangalie."

Machozi yakamtoka Kahongya, akayafuta kwa kofia. Alifurahi, akajionea haya, kisha akajicheka tena: kumbe aliponea bunduki za watu akikimbia kitu kifupi kuliko Salamu Maria moja.

Walipoagana, daktari akasitasita mlangoni. "Papa, batu ba Butembo banapokeaka bageni muzuri?"

"Mutu kama weye?" Kahongya akamshika bega. "Nani atakufungia mulango! Muzee mwenye kukukatala atakuwa mujinga."

Aliporudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba hakuna kansa, na kwamba heshima yake imebaki nzima. Anne-Marie akamshukuru Mungu kwa lile la kwanza, la pili akalicheka.

Jumapili moja baada ya misa, akamletea habari nyingine.

"Mariette amepata muchumba. Hapana Munande, lakini ni Mukatolika, na anatumika kazi ya serikali. Banafika leo."

Kahongya akavaa koti lake jeusi, akaketi kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, mgongo wima. Siméon, mkwe wa kwanza, akakaa mbali kwa adabu. Kahongya akamtazama, akatabasamu. Huyu hajaniona, akawaza, na huyu anayekuja hataniona.

Wajumbe wakaingia, wakasalimu, wakapisha. Nyuma yao akaja mchumba mwenyewe, kichwa chini kama mila inavyotaka, uso hauonekani, akanyoosha mkono wa kuume.

Kidole cha kuonyeshea kilikuwa kimepinda mwishoni, kama mtu anayechungulia kona.