Kitufe cha Nakijwa

Mwalimu Elinipa aliingia kwa Mama Nakijwa bila kungoja kukaribishwa, amejaa hasira. Sheria sasa ilitaka kila mtoto asiyeweza kutamka asemewe na mashine, ambayo hukisia jibu lake kwa kumtazama usoni. Vitufe ambavyo watoto wake darasani walivitumia kuchagua maneno vilikuwa vimekusanywa vyote, isipokuwa kimoja alichokificha yeye mkobani.

Nakijwa, binti wa miaka tisa, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. "Karibu mwalimu, nimefurahi kukuona," mashine iliyofungwa kwenye kiti ikasema.

"Hayo si maneno yake!" mwalimu alifoka.

"Kila asubuhi inaniambia ananipenda," mama akajibu. "Kitufe chako kilimchukua miezi minane kusema 'uji'."

"Na uji aliutaka mwenyewe! Miezi minane mtoto huyu alihangaika, mkamnyang'anya kwa siku moja!"

Akakitoa kitufe mkobani na kukifunga karibu na shavu la Nakijwa. Kikaanza kutaja maneno polepole, kikingoja abonyeze analolitaka: maji, uji, nje, choo. Mashine nayo haikukoma. "Nimeshiba, asante. Sina shida." Mama akawa anambembeleza, "Sema uji, mwanangu. Sema uji."

Kwenye neno la kumi na moja, shavu likakigonga kitufe.

"Nyamaza."

Mama akaitazama mashine, kisha akamgeukia mwalimu. "Ananiambia mimi?"

Maneno yalianza kutajwa upya, na Nakijwa, jasho likimtoka, alikuwa anangoja zamu ya neno lile lile.