Ujumbe wa Jumatatu

Taa ya kijani ikawaka, feni ikavuma, diski ikakwaruza ndani ya bati, kisha kila kitu kikazimika. Fundi akaegemeza paji la uso ukutani.

"Imegoma tena?" akauliza Dereva, tochi mkononi.

"Imegoma. Na mimi nakaribia kugoma."

Tangu asubuhi walikuwa wamejibana kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, mbele ya mashine ya kupokea ujumbe wa simu. Ofisi ikifungwa, hiyo ndiyo iliyopokea simu na kumwomba mpigaji aseme shida yake. Tangu Jumanne haikuwa imewaka, na Fundi alikuwa amechoka nayo, hoi bin taaban. Kila mwaka alimwambia Bosi anunue mpya; kila mwaka Bosi alimwambia akaze skrubu.

Ila leo halikuwa suala la skrubu. Jumatatu Dereva hakufika kazini, mzigo wa mteja ukalala getini, na Bosi akamnyang'anya ufunguo wa gari. Dereva akaapa kwamba alipiga simu alfajiri na kuacha ujumbe, kama sheria ya ofisi inavyotaka.

"Mtoto kuumwa sina neno nako, hata mimi ni mzazi," Bosi alikuwa amesema asubuhi, akisimama mlangoni. "Nataka huo ujumbe tu. Ukiwepo, Dereva anarudi kazini. Usipokuwepo, asikanyage hapa tena. Niusikie kabla sijatoka." Kisha akamtazama Fundi. "Na hicho kikohozi bado tu? Si nilikwambia uende hospitali?"

"Nikipata nafasi, Bosi."

Basi unga wa Dereva ulikuwa humo ndani ya bati, unangoja kumwagika. Fundi akabadilisha waya wa umeme. Mashine ikazimika. Akachomoa kadi, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Ikazimika. Akakohoa, akatukana kimoyomoyo, akaanza upya.

"Una hakika ulipiga?" akauliza bila kugeuka.

"Haki ya Mungu, mzee wangu. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nikaazima ya nesi pale koridoni. Nikasema yote. Mashine ikaniambia asante, ujumbe umepokelewa."

"Inamwambia kila mtu asante. Siku hizi inashukuru halafu inasahau."

Dereva hakucheka. Fundi akajuta kufanya mzaha.

Akageuza bisibisi, akaigonga diski kwa mpini, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Akawasha. Taa, feni, mkwaruzo. Diski ikasita, ikasita tena, ikazunguka. Taa ya kijani ikabaki pale pale.

"Imewaka!" Dereva akaruka, nusura tochi imponyoke.

"Tulia, wewe. Haijui hata leo ni lini. Betri ya saa yake ilikufa zamani, kila ikiamka mpaka niiambie siku na saa."

Akainua mkono wa simu, akafungua sanduku la ujumbe la Bosi, akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, huku Dereva amemkodolea macho. Alipourudisha mkono wa simu mahali pake, uchovu wa siku nzima ulimshukia mabegani kwa mkupuo.

"Upo, mzee? Niambie tu."

"Ngoja kwanza." Fundi akabonyeza vitufe vya saa, taratibu, kimoja baada ya kingine. "Tujaribu laini. Nimemwambia dada wa mapokezi asipokee. Piga namba ya ofisi, uache ujumbe."

"Niseme nini?"

"Sema yale yale ya Jumatatu, si unayakumbuka? Nataka kujua kama sauti inaingia vizuri."

Dereva akageukia ukuta, akapiga. Alipofika kwa mtoto, alikwama, akarudia neno, akaendelea. Fundi akajiziba mdomo kwa kiwiko, lakini kifua hakikumsikiliza.

"Imeingia," akasema baadaye, akibonyeza vitufe tena. "Haya, nenda kamwite Bosi. Na usikimbie."

Bosi akaja na mkoba wake begani, tayari kwa safari ya nyumbani. Fundi akafungua kipaza sauti.

"Una ujumbe mmoja," ikasema sauti ya katibu aliyestaafu miaka mingi iliyopita. "Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri."

Kisha Dereva: "Bosi, shikamoo. Ni mimi, dereva wako. Mtoto ameshikwa na degedege, niko naye hospitali. Leo siwezi... leo siwezi kuja. Naomba mzigo umpe mtu mwingine. Nisamehe, Bosi." Nyuma yake mlango ulifungwa, mtu akakohoa, kisha kimya.

Dereva alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

"Rudia," akasema Bosi.

Fundi akarudia. Bosi akasikiliza akiwa amefumba macho, mpaka mwisho kabisa. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akaubana kwenye kiganja cha Dereva.

"Kesho lioshwe kabla halijatoka. Mtoto anaendeleaje?"

"Ameanza kula, Bosi."

"Mpe mama yake pole. Mwambie nimeupata ujumbe."

Dereva akatoka mbio kumpigia mkewe. Fundi akakusanya vifaa vyake, kichwa chini. Bosi alikuwa bado amesimama mlangoni, akiitazama mashine.

"Mwaka huu nitanunua mpya," akasema. "Na wewe, Fundi, nenda ukakitibu hicho kikohozi. Kinasikika mpaka hospitali, tena Jumatatu alfajiri."