Mngurumo wa Chumba cha Pili

Muuzaji alikuwa bado anafungua kabati la vioo pale mteja alipotoa simu, akaiweka juu ya kaunta na kuiacha ingurume. Ilikuwa sauti aliyoirekodi, moja, isiyopanda wala kushuka.

"Nataka hedifoni zisizo na waya zitakazoizima hii," alisema. "Na bei isiwe ya kuumiza."

Muuzaji alitega sikio. "Friji?"

"Baba."

Muuzaji alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Ikabidi aelezwe. Mama huyu alikuwa mwokaji, akioka mikate usiku kucha na kulala mchana, baada ya shangazi anayekesha na mgonjwa kwenda zake. Baba yake alipumua kwa mashine ya oksijeni, na kati ya chumba cha mzee na chake kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Mngurumo ule ulimwingia kichwani mpaka usingizi ukamkimbia kabisa. Ameanza kuunguza mikate. Juzi alishika trei ya moto kwa mkono mtupu, na mwajiri wake si mtu wa kuvumilia mengi.

Ambalo hakumweleza muuzaji ni kwamba alikuwa anaogopa. Mashine ile walipewa ikiwa imeshatumika, na king'ora chake cha kuonya umeme ukikatika kilikuwa kimekufa zamani. Mtungi wa akiba ulikuwa pembeni mwa kitanda, ila koki yake ilikuwa ngumu, na mikono ya mzee haikuwa na nguvu ya kufungua hata chupa ya maji. Mngurumo ukinyamaza, ni yeye wa kukimbia. Leo amekuja kununua kitu cha kumzuia asiusikie.

Muuzaji alianza na zile za gharama. Mteja alipozivaa, dunia ilizimika. Aliona midomo ya muuzaji ikicheza bila neno, akazivua haraka.

"Hizi hapana. Akiniita je?"

"Basi jaribu hizi, dada. Za bei nafuu hizi zinazima zile sauti za mfululizo tu, mashine, feni, injini. Sauti ya mtu inapenya. Wateja wengine wananirudishia kwa sababu hiyohiyo."

Alizivaa. Simu iliendelea kutetema juu ya kioo, lakini mngurumo wake haukuwapo. Kisha akamsikia muuzaji, kwa mbali kidogo, akiuliza, "Unanipata?"

"Nakupata."

"Betri yake tu ndiyo si ya kujivunia. Uwe unachaji kila siku."

Nyumbani, mwanzoni hakulala hata kwa dawa. Akifumba macho, kimya kile kilimwamsha roho juu. Alizing'oa hedifoni na kukimbilia chumba cha pili peku, akamkuta mzee ameegemea mito yake, mpira wa hewa puani, mashine ikinguruma kama kawaida.

"Umekuja kuangalia kama nimeshaondoka?" mzee alimtania.

"Nimekuja kukusalimia tu, baba."

"Mara ngapi tangu asubuhi? Hata mkwe hasalimiwi hivyo."

Alicheka naye, akarudi kitandani.

Siku moja aliingia kwa kishindo hata mzee akashtuka usingizini, akapaliwa, na wakahangaika vibaya kuirudisha pumzi yake. Alipotulia, alimshika binti yake mkono.

"Mwanangu, unaniogopesha kuliko huu ugonjwa. Hebu tupatane. Nikikuhitaji nitakuita. Ukiamka usisikie kitu, jua hayo madude yako yanafanya kazi yake. Geukia upande wa pili, ulale. Niahidi."

"Baba..."

"Niahidi, nami nipate kulala."

Aliahidi shingo upande. Siku za mwanzo alilazimika kushikilia ukingo wa godoro ili asiinuke. Lakini mzee hakuita ila alipotaka maji, au kugeuzwa, au kuuliza mbona binti yake anakoroma kuliko mashine, na kila alipoita, alisikika. Hofu ikaanza kulegea kidogo kidogo. Mikate ikaacha kuungua. Shangazi alisema uso wake umerudi.

Alasiri moja aliamka mwenyewe, mwili mzito, usingizi ungali umemkaa machoni. Palikuwa kimya.

Moyo ulimlipuka kama zamani. Miguu yake ilikuwa imeshagusa sakafu kabla hajaikumbuka ile ahadi. Alijiona mjinga. Akiingia mbio tena, atamshtua mzee wa watu bure, na safari ile pumzi ilikuwa karibu igome kurudi. Akairudisha miguu kitandani.

Alisikiliza. Nyumba ya jirani mama mmoja alikuwa akimgombeza mtoto kuhusu viatu, kila neno likifika bayana. Chumba cha baba hakuna aliyeita. Kumbe vitu vya bei nafuu navyo si haba, alijisemea. Akageukia upande wa pili, akavuta shuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumuuguza baba yake akalala tena bila kwenda kumwangalia.

Joto ndilo lililomwamsha mara ya pili. Jua lilikuwa limeshahama dirishani. Jasho lilimwasha nyuma ya sikio, akapeleka mkono, macho bado ameyafumba, ili azisogeze hedifoni kidogo.

Vidole vyake vilishika sikio. Hedifoni zilikuwa juu ya meza, kwenye chaja, pale alipoziweka asubuhi akisema atajinyoosha kidogo tu wakati zinajaa, na kile kitaa chekundu cha chaja, kinachowaka muda wote umeme ukiwapo, kilikuwa kimezimika.