Vitabu vya Tevin

Awinja alikirudisha kitabu cha kemia juu ya meza kwa sababu kilikuwa kimeshonwa kwa waya.

"Kule langoni hawakubali chuma," alisema. "Hata zile pini za kushikilia karatasi hawazitaki."

Maina, mwenye duka la vitabu, alimtazama juu ya miwani yake. Miaka yote aliyouza vitabu mjini Kakamega alikuwa amewasikia wazazi wakilalamikia bei, uzito, hata rangi ya jalada. Habari ya pini hakuwahi kuisikia.

"Hiyo ni shule gani kali hivyo, mama?"

"Ni ya kulala."

"Na kijana yuko kidato cha nne?"

"Anafanya KCSE mwaka huu."

Maina akapanda kwenye kiti, akashusha vitabu vingine vya marudio. Awinja alivibeba hadi karibu na mlango, penye mwanga, akaanza kuvifungua kimoja kimoja. Hakuwa na haraka. Kimoja kilikuwa na majibu matupu kule nyuma, bila kuonyesha njia. Akakiweka kando. Kingine kilieleza kila hatua polepole, kama mtu aliyeketi nawe benchi moja.

"Nitachukua hiki cha kemia, na kile kijitabu cha mitihani. Hana mwalimu wa kumuuliza kila saa."

"Hesabu je?"

"Hesabu anajiweza. Kemia ndiyo inamtesa. Aliacha shule kidato cha tatu, akaanza kutafuta pesa."

"Na sasa amerudi."

"Amerudi kusoma, ndiyo."

"Basi ana bahati," Maina alisema. "Wazazi wengine wananitumianga pesa kwa simu tu. Wananiambia, 'Maina, mchagulie chochote.' Hawajui hata mtoto anashindwa na nini."

Awinja akageuka, akaangalia barabarani.

Maina aling'oa pini za kijitabu cha mitihani iliyopita kwa ncha ya kisu, akazishona karatasi zake kwa uzi mweupe. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kemia, kalamu mkononi.

"Niandike nini? Kwa fulani, kutoka kwa mama?"

Awinja alifungua pochi, akatoa pesa.

"Andika Tevin. Jina lake tu, inatosha."

Alipotoka dukani simu yake ikalia. Alikuwa Risper, dada yake aliyeolewa Matete.

"Unaenda tena?"

"Leo si ni Jumamosi?"

"Awinja, watu wanaongea. Mpaka huku kwetu wanaongea."

"Waongee."

"Wale wamama wa kanisa, unafikiri waliacha kuja kwako kwa sababu gani? Si ni hii safari yako?"

Ilikuwa kweli. Mwanzoni walikuwa wakija nyumbani kwake Lubao, wakipika, wakiimba, wakimwachia sukari na majani chai. Walipojua anakokwenda kila Jumamosi, wakapungua mmoja mmoja hadi wakaisha. Siku hizi alisonga obusuma, ugali wa mtu mmoja, na bado ulibaki kwenye sahani. Jioni aliwasha redio, si kwa sababu ya habari, bali nyumba iwe na sauti ya mtu.

"Nikikaa nyumbani nitaongea na nani, Risper?" aliuliza. "Amebaki yeye tu wa kuongea naye."

Risper akakata simu.

Kwenye lango la gereza, askari wa kike alivipokea vitabu, akapitisha vidole kwenye migongo yake, akavitikisa kurasa zikining'inia chini. Aliupapasa ule uzi mweupe, akatabasamu.

"Huyu mama hakosi," akamwambia mwenzake. "Mtu akishafungwa, wengi wanamsahau. Mwanao atapita huo mtihani, mama. Utaona."

Awinja alichukua vitabu vyake, akaingia ndani.

Tevin aliletwa, akaketi upande wa pili wa meza. Sare ya wafungwa ilimpwaya mabegani. Alikifungua kitabu cha kemia, akaona jina lake, akalipitishia kidole.

"Hiki ndicho nilikuwa nataka, mama. Mwenye tunasoma naye anacho, lakini kurasa za hesabu za moli zilichanika."

"Basi anza na hizo za moli."

Awinja hakuijua kemia. Alichoweza ni kufunika majibu kwa kiganja na kusubiri. Tevin alikokotoa kwa kipande cha penseli, akafuta, akarudia. Mara ya kwanza alikosa. Akasoma maelezo kwa sauti ndogo, akajaribu tena. Awinja alipofunua jibu na kulikuta ni lile lile, alipiga meza kwa furaha, mpaka wageni wa meza ya jirani wakageuka. Kijana akacheka. Wakafanya jingine, na jingine. Kwa muda ule hakuna aliyewaona ambaye angesema mama yule anaishi peke yake.

"Malizieni," askari akaita kutoka mlangoni.

Tevin akakifunga kitabu. Uso ulimbadilika, kwa sababu alijua kilichofuata. Kila Jumamosi kilikuja hivyo hivyo, mwishoni.

"Niambie tena," Awinja alisema.

"Mama, si nilikuambia wiki iliyopita?"

"Niambie tena. Pale nyuma ya pikipiki yako, neno la mwisho la mwanangu lilikuwa lipi?"

Tevin alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Alisema nipunguze mwendo, Mama Mark. Nikamcheka."