Fremu ya Misa ya Jumamosi

Siku ya tatu ya kujaribu, fundi wa kompyuta kutoka mtaa wa Katoyi alipata kilichokuwa kinamzuia Katungu kufungua picha za mwanawe. Umeme uliporudi, ile mashine ya sebuleni ambamo mwanawe alihifadhi picha zote za nyumbani ilichukua anwani mpya, na simu ya mama ilikuwa bado inabisha mlango wa zamani.

Fundi aliandika anwani upya. Dosye, yaani folda, yenye jina la mwanawe marehemu ikafunguka.

Magotini mwa Katungu kulikuwa na fremu ya misa ya Jumamosi ya kumwombea mwanawe. Ndani bado mlikuwa na picha iliyokuja nayo kutoka dukani, mtoto wa kizungu anayecheka, bila meno mawili ya mbele.

"Mama, ndani ya dosye hamuna kitu," fundi alisema. "Mashine iko muzima. Kuna mutu alifuta picha zote kwa simu hii."

"Ni mimi. Lakini nilifuta za simu tu. Za mashine si zilibaki?"

"Simu haikuwa na picha, mama. Ilikuwa inakuonyesha zile za mashine."

Katungu aliikumbuka asubuhi ile risasi zilipofika mtaa wa Murara, watu wakisema nyumba zinasakwa na simu zinafunguliwa kutafuta familia za wanajeshi. Alilala chini ya kitanda akafuta picha moja baada ya nyingine, kwanza zile za mwanawe ndani ya sare ya jeshi, kisha, kwa hofu, hata ile ya komunyo yake ya kwanza.

Hakusita hata kwa moja. Alijua mashine inamtunzia.